Saadani: mwongozo kamili wa kwenda kulala kijijini, sio kupita tu kuangalia wanyama

Watu wengi wakisikia Saadani wanafikiria hifadhi tu, simba, tembo, picha ya twiga na bahari nyuma yake, halafu wanarudi Dar jioni. Sawa, hifadhi ipo na ni nzuri, ndo hifadhi ya taifa ya bara Tanzania ambayo pori lake linashuka mpaka kwenye Bahari ya Hindi. Lakini katikati ya hilo pori, pwani kabisa, kuna kijiji cha Saadani chenyewe, na kile kijiji kilikuwepo miaka mingi sana kabla hata ya mtu kuwaza kuweka geti. Mimi naamini ukienda kule bila kulala kijijini na kula kwa mama ntilie wa pale hujafika Saadani. Kwa hiyo huu mwongozo nauandika kwa mtu anayetaka vyote viwili, na nitaanza na yale ambayo usipoyajua safari inaharibika hata kabla hujafika.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla hujachagua siku

Ishu kubwa ya Saadani ni udongo. Sehemu kubwa ya ile nchi ni tambarare ya udongo mweusi ule wa mbugani, kiangazi ni mgumu kama sakafu lakini ukilowa unashika tairi na gari haliendi mbele wala nyuma, hata iwe four-wheel. Masika ni Machi mpaka Mei, kipindi hicho achana nako kama huna mtu wa kukuvuta. Vuli ni Oktoba mwishoni mpaka Desemba, hiyo ni ya kubahatisha, mvua moja ya usiku inaweza kukufungia barabara asubuhi. Miezi ya uhakika ni Juni mpaka Oktoba, nyasi zinakuwa zimepungua, maji ya porini yamekauka na wanyama wanasogea kwenye mabwawa na mto Wami, unawaona kirahisi. Januari na Februari pia kunaendeka, joto ni kali ila upepo wa kaskazi unasaidia.

Kuna jambo moja linaloumiza kichwa hapa na nalisema mapema: kamba, wale wa kuliwa, wanapatikana kwa wingi zaidi kipindi cha mvua, mto ukishusha maji matope baharini. Yaani msimu mzuri wa kamba ndo msimu mbaya wa barabara. Ukienda Julai utapata samaki safi na kamba kiasi, usitegemee kukuta ndoo zimejaa.

Hatua ya 2: Angalia mwezi angani, kwa ajili ya maji

Hii watu wa bara wanaisahau kabisa. Pwani ya Saadani ni ya mteremko mdogo sana, maji yakipwa bahari inaondoka mbali, unabaki unatazama mchanga na matope. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye hii pwani yetu inafika mita 3 na zaidi. Na kuna utaratibu ambao wavuvi wanaujua kichwani: siku za bamvua maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na tena jioni, na yanapwa mida ya saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, inakuwa kinyume, saa nne asubuhi ndo yanakuwa yamejaa. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50 hivi.

Sasa panga: kama unataka kuogelea jioni jua likiwa limepoa, nenda siku za bamvua. Kama una watoto na unataka waoge asubuhi baada ya chai, nenda siku za maji mafu, na maji yenyewe yanakuwa matulivu. Kama unataka kutembea mbali ukiokota kombe na kuangalia kaa, bamvua saa nne asubuhi hakuna kama hiyo. Huna kalenda ya Kiislamu? Muulize mzee yeyote pale kijijini leo mwezi ngapi, atakwambia na maji atakwambia.

Hatua ya 3: Njia ya kufika

Zipo tatu za gari, na uwanja mdogo wa ndege kwa wenye uwezo wa kukodi ndege kutoka Dar au Zanzibar.

Njia ya kwanza, na ndo nayoipendekeza kwa mtu wa mara ya kwanza, ni kupitia Chalinze. Dar mpaka Chalinze, unakunja kulia barabara ya Segera, kama kilomita 50 unafika Mandera, pale unaiacha lami unaingia kulia kuelekea baharini, kilomita kama 60 mpaka kijijini, unapita geti la Mvave. Hiyo 60 ya mwisho ndo safari yenyewe, usiihesabu kama kilomita za lami, ipe masaa mawili na usikimbize, maana wanyama wanavuka.

Ya pili ni kupitia Bagamoyo. Kwenye ramani ni fupi zaidi na serikali inajenga barabara ya lami Bagamoyo, Saadani, Pangani mpaka Tanga, ikikamilika yote itabadilisha kila kitu. Ila kipande kinachojengwa leo kesho kinakuwa na mchepuko, kwa hiyo piga simu unakoenda kulala siku moja kabla uwaulize gari za leo zimepita wapi. Usiulize ramani ya simu, ramani haijui mvua ilinyesha wapi.

Ya tatu ni kutokea Tanga na Pangani, unavuka mto Pangani kwenda Bweni, halafu unashuka na pwani kupitia Mkwaja mpaka geti la Madete. Kama daraja halijafunguliwa siku unayopita basi ni kivuko, fika mapema. Hii njia ni nzuri kwa macho, minazi, mabaki ya mashamba ya mkonge, na ile nchi ya Mkwaja ambayo zamani ilikuwa ranchi kubwa ya ng'ombe kabla haijaingizwa hifadhini.

Kwa usafiri wa umma: panda basi lolote la Tanga au Moshi linalopita Chalinze, mwambie konda unashuka Mandera. Kuanzia hapo unategemea gari la kijijini, na gari za kwenda kule ni chache, ukikosa umelala Mandera. Kwa hiyo toka Dar alfajiri. Bodaboda wapo na watakubali kukupeleka, lakini mimi sikushauri kabisa kupanda pikipiki jua likishaanza kuinama kwenye njia yenye tembo na simba, na pikipiki sio chombo cha kuzungukia hifadhini.

Mafuta jaza Chalinze, Bagamoyo au Pangani, jaza full, na beba ya akiba kama unapanga kuzunguka siku mbili.

Hatua ya 4: Geti na malipo

Hifadhi inaendeshwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na malipo sio ya keshi mkononi, unapewa control number unalipa kwa simu au benki, au unalipa kwa kadi. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni raia wa Afrika Mashariki mtu mzima analipa shilingi 5,000 na mgeni wa nje dola 30, juu yake VAT ya asilimia 18, lakini viwango vinabadilishwa kwa mwaka wa fedha hivyo angalia tovuti yao kabla hujaondoka. Gari inalipiwa kivyake kwa uzito wake na namba zake za usajili. Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti, ukikosa huna cha kuthibitisha uraia na unaweza kutozwa bei ya mgeni.

Kibali cha anayelala ndani kwa kawaida kinahesabiwa masaa 24, hakikisha getini, na hapa ndo pa kutumia akili. Ukiingia saa sita mchana, unapata jioni ya leo na asubuhi ya kesho, mida miwili bora ya kuona wanyama, kwa malipo ya mara moja. Ukiingia saa kumi na mbili asubuhi ukatoka jioni umelipia kitu kile kile ukatumia nusu ya masaa tu.

Pale getini sema wazi unachoenda kufanya. Kama unaenda kijijini tu waambie kijijini, kama unazunguka hifadhini lipia. Mageti ni saa kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima toka Juni 2019, usije nayo.

Hatua ya 5: Vitu vya kubeba

Sitaorodhesha kila kitu, mswaki unaujua. Nasema vile ambavyo kule vina sababu yake.

Nguo za rangi ya kaki au kijivu au nyeupe iliyofifia. Mbung'o, wale nzi wanaouma, wapo, na wanapenda bluu na nyeusi, ndo maana ukipita utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa porini, ile ni mitego yao. Jinzi ya bluu Saadani ni kuwaita. Wanafuata kitu kinachotembea, kwa hiyo gari likiwa linaenda funga vioo sehemu zenye vichaka, na dawa za kujipaka za mbu hazisaidii sana kwa hawa. Kwa mbu wenyewe zinasaidia, beba, na lala kwenye neti.

Keshi. Benki hakuna. Mawakala wa simu wapo lakini mtandao ukikata umekata, na wakala wa kijijini anaweza asiwe na hela ya kukutolea kiasi kikubwa. Beba noti ndogo ndogo, noti ya elfu kumi kununua vitumbua ni kumsumbua mama wa watu.

Tochi, pawabanki, dawa zako unazotumia, na kiboksi kidogo cha huduma ya kwanza. Zahanati ipo ila hospitali kubwa ni mbali. Kanga au kikoi, vyote viwili vina kazi kuliko taulo.

Hatua ya 6: Ukifika kijijini

Salamu kwanza. Hili nalisema kwa uchungu kidogo maana nimeona gari zinaingia kwa kasi, vumbi linatimka kwenye sahani za watu, wanashuka vijana na kamera wanaanza kupiga picha wanawake wanaopaa samaki bila hata habari za saa hizi. Simamisha gari, shuka, wazee wako barazani au chini ya mti, wape shikamoo, ukiitikiwa marahaba jitambulishe unatoka wapi na unataka kulala. Kama mnakaa zaidi ya usiku mmoja pitieni ofisi ya kijiji, ni heshima, na pia ndo watu watakaokutafuta ukipotea.

Kijiji ni cha Waislamu wengi. Chupi za kuogelea ni za ufukweni, ukipanda kuja madukani jifunge kanga au vaa kitu. Mwezi wa Ramadhani usile wala kuvuta sigara hadharani mchana, na futari jioni ukikaribishwa usikatae.

Malazi yapo ya aina tatu. Gesti za kijijini, za kawaida kabisa, chumba, kitanda, neti, ndoo ya maji. Mabanda na maeneo ya kambi ya TANAPA karibu na ufukwe, hayo unabuku mapema hasa wikendi ndefu. Na zipo lodge za kitalii za bei ya juu. Ushauri wangu kama mna usiku mbili: mmoja laleni gesti, mmoja kambini. Hela ya gesti inabaki kijijini moja kwa moja.

Chakula agiza asubuhi kama unataka kula mchana. Mama ntilie anapika anachojua kitaisha, hawezi kukaa na samaki kumi akikusubiri wewe usiyejulikana. Mwambie tupo watano, tunataka wali wa nazi na samaki wa mchuzi saa saba, mwachie advansi, utakula vizuri. Au nenda mwenyewe ufukweni mashua zikirudi, nunua samaki, mpelekee akupikie mkubaliane. Samaki mzima aangalie jicho, liwe limejaa na linang'aa, na shavu liwe jekundu.

Usiku usitembee nje ya nyumba za watu. Hakuna uzio kati ya kijiji na pori. Viboko wanatoka kula majani gizani, tembo wanapita, na simba husikika. Ukitaka choo cha nje na umesikia kitu kizito, subiri.

Hatua ya 7: Elewa uko wapi

Nusu saa tu ya kutembea kijijini na mtu mzima anayejua itakufaa kuliko kibao chochote. Saadani ilikuwa bandari kubwa ya misafara karne ya 19, pembe za ndovu na watumwa walitoka bara mpaka hapa wakavushwa Zanzibar. Mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay alisimamia kufyeka njia kutoka hapa Saadani mpaka Mpwapwa, na wamisionari wa kwanza wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliokwenda Uganda walianzia pwani hii. Halafu 1888 Wajerumani walipotaka kuichukua pwani, wakati Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga, anapigana upande wa Pangani na Bagamoyo, huku Saadani aliyewasimamia watu alikuwa Bwana Heri. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, Bwana Heri akaendelea kupigana maporini mpaka 1890. Yapo mabaki ya boma la Wajerumani na makaburi ya zamani, usikanyage makaburi na usikae juu yake kupiga picha.

Na hifadhi? Ilianza kama pori la akiba miaka ya 60 na ikawa hifadhi ya taifa 2005, ina kama kilomita za mraba 1,100. Kwa hiyo wenyeji wamejikuta pori limewazunguka kisheria, na habari za mipaka, hasa kitongoji cha Uvinje, zimeleta mgogoro wa miaka mingi. Usiende kumhoji mtu kuhusu hayo siku ya kwanza, lakini ukiambiwa sikiliza, maana hapo utaelewa kwa nini mwenye shamba lililoliwa na tembo hafurahii kama wewe ukimuona huyo huyo tembo.

Hatua ya 8: Kuzunguka hifadhini

Nenda ofisi ya hifadhi jioni uliyofika, uombe askari wa kukuongoza kesho yake. Anajua simba wamelala wapi na anajua njia ipi imejaa maji. Ondoka saa kumi na mbili kamili. Kwenye tambarare utaona kongoni, tohe, kuro, ngiri, twiga kwa wingi, nyati. Palahala wapo ila ni wachache na waoga, ukimuona shukuru. Kuelekea Mkwaja na msitu wa Zaraninge ndo nchi ya tembo, na huko Zaraninge kuna mbega na vipepeo, ni msitu wa pwani halisi ambao imebaki vipande vichache Tanzania. Mashamba ya chumvi karibu na kijiji usiyapite bila kusimama, mara nyingi kuna heroe (flamingo) wamesimama kwenye maji yale.

Kitu nachokipa namba moja ni boti ya mto Wami. Unaingia kwa maji ya mto, kushoto na kulia mikoko, viboko makundi, mamba wamelala wazi, ndege kama mwari na tai wa samaki, na mbega kwenye miti ya juu. Buku kwa muda ambao maji yanaruhusu, karibu na mlango wa mto kukipwa boti inakwama. Kofia na maji ya kunywa lazima, na mikono ibaki ndani ya boti.

Kasa wa kijani wanataga ufukwe wa Madete, kaskazini. Uliza askari kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa, mayai yanachukua kama siku 50 hadi 60. Ukibahatika, zima tochi na flashi kabisa, vitoto vinaelekea baharini kwa kufuata mwanga, ukiwasha taa vinakufuata wewe vinakufa mchangani. Usivibebe kuvisaidia.

Kutembea kwa miguu hifadhini ni pamoja na askari mwenye silaha tu, hakuna mjadala.

Hatua ya 9: Baharini

Maji ya Saadani sio ya bluu ya Nungwi kule Zanzibar, Wami unashusha tope kwa hiyo yana rangi ya chai ya maziwa, usiseme machafu. Hakuna waokoaji. Usioge karibu na mlango wa mto, mamba wanashuka mpaka huko. Ukiingia maji mafupi buruza miguu badala ya kukanyaga, taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, wanalala kwenye mchanga na ukiwasukuma kwa pembeni wanakimbia, ukiwakanyaga wanachoma kwa mwiba. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa dakika 30 hadi 90, maumivu yanapungua, halafu zahanati. Ukitaka maji safi ya kuangalia samaki, kuna fungu la mchanga la Mafui, unakodi boti, hakikisha ina injini nzima na majaketi ya kuelea ya watu wote, na mnarudi kabla upepo wa mchana haujashika.

Hatua ya 10: Kutoka

Lipa madeni yako yote usiku wa kabla, mama ntilie, gesti, kijana aliyewatembeza. Takataka zenu za chupa na makopo ondokeni nazo mpaka Chalinze au Pangani, kijiji hakina gari la taka na mkiziacha zinaenda baharini. Angalia saa kwenye kibali chako, toka kabla muda wake haujapita. Na ukiona mawingu yamejikusanya upande wa bara alfajiri, usisubiri chai, ondoka, kunywa chai Mandera.